Maisha ya mhudumu wa ndege kati ya safari na safari: siku ya kurudi nyumbani siyo ofu

#1 Mleta uzi

Wadau habari zenu. Huu uzi nimeuanza mara tatu nikaufuta, leo nauandika wote maana nimeamka saa tisa usiku, usingizi hauji na najua hautakuja mpaka kukuche, mwili wangu unaamini saa hizi ni mchana. Nilipoamka nilinyoosha mkono kushoto kutafuta swichi ya taa nikapiga ukuta. Swichi ya kushoto ilikuwa ya hoteli niliyolala juzi. Chumbani kwangu swichi iko kulia, iko kulia miaka yote, nikabaki nimekaa gizani najiuliza niko wapi, leo siku gani, nina safari au sina, mpaka niliposikia mume wangu anapumua pembeni ndio nikajua niko nyumbani.

Huu ni mwaka wangu wa 11 kwenye kazi ya uhudumu wa ndege, na minane kati ya hiyo nimefanya safari ndefu za nje. Kila wiki kuna mtu ananiuliza hii kazi ikoje, na wengi wameshaona picha za hoteli na fukwe. Hizo picha ni za kweli, nami ninazo, sitasema nilikuwa naigiza. Ila kuna kitu hazionyeshi na ndicho kilichokaribia kuvunja nyumba yangu, kwa hiyo nitakisema moja kwa moja: siku unayorudi nyumbani usiihesabu kama siku ya mapumziko. Kwenye rosta, yaani ratiba yetu ya kazi, imeandikwa ofu. Kwa mwili wako haipo.

Nieleze kwanza tunavyoishi ndio mtanielewa.

Rosta kwetu inatoka mara moja kwa mwezi. Siku ikitoka kila mtu yuko kwenye simu anaangalia sikukuu kapata au kakosa, arusi ya mdogo wake iko upande gani, nani wa kubadilishana naye safari. Saa zote zimeandikwa kwa UTC, yaani saa moja ya dunia nzima ambayo siyo saa ya kwenu, hivo kitu cha kwanza unachojifunza ni kupiga hesabu ya saa kichwani bila kukosea, maana ukichelewa kuripoti dakika chache tu jina lako limeshatolewa na mwingine ameshaitwa. Na huyo mwingine ni mtu wa stendibai. Stendibai ni siku ambayo huna safari na wala huna uhuru, begi liko mlangoni, sare iko kwenye henga, simu unaingia nayo bafuni. Kwenye begi unaweka koti la baridi kali na nguo za joto kwa pamoja kwa sababu hujui unapelekwa wapi. Nimewahi kuitwa nikiwa na maji ya shampuu kichwani, saa moja na nusu baadaye nikawa nimesimama mlangoni nasema karibuni.

Sasa leiova, yaani kule kulala nje. Mtu anasikia "saa 24 ugenini" anaona siku nzima ya kutembea. Hebu nizigawe hizo saa jinsi zinavyokwenda kweli. Ndege imetua, mpaka abiria wote washuke, mkague kabini, mpite uhamiaji, basi la kruu, yaani wafanyakazi wa ndege, liwafikishe hotelini, mpewe funguo, imeshapita saa moja na nusu au mbili. Huku mwishoni napo simu ya kukuamsha inapigwa mapema, unaoga, unafunga nywele, unapaka, unashuka, basi linaondoka. Zinabaki kama saa 20. Humo unatakiwa kulala mara mbili, maana umefika umechoka kwa kukesha halafu usiku unaofuata unakesha tena, kwa hiyo huwezi kwenda na usingizi wa awamu moja. Ukilala vizuri zinabaki saa sita, saba. Hizo ndizo saa za picha.

Na chumba cha hoteli tuna namna yetu ya kukiingia. Begi linazuia mlango usijifunge, unaangalia bafuni, nyuma ya pazia, kabatini, chini ya kitanda, ndio unafunga. Pazia zinaacha ufa wa mwanga katikati, sasa unachukua ile henga yenye klipu mbili za kubania suruali unabana pazia pande mbili pamoja, chumba kinakuwa giza totoro. Paspoti unaweka kwenye sefu, na pamoja nayo unaweka kiatu kimoja cha kazi, kwa sababu mtu anaweza kusahau paspoti ila hawezi kutoka na kiatu kimoja. Haya nilifundishwa na dada mmoja kwenye safari yangu ya pili ya nje, kabla sijafungua mdomo kuuliza, na mpaka leo kila binti mpya ninayesafiri naye namwambia hivo hivo.

Haya, sasa mwili. Ndani ya ndege ikiwa juu huko hewa imepunguzwa mgandamizo, ni kama umekaa juu ya mlima wa mpaka mita 2,400 hivi, kwenye ndege mpya kama Boeing 787 ni kama mlima wa mita 1,800. Hewa ni kavu, unyevu mara nyingi hauvuki asilimia 20, midomo inapasuka, macho yanawasha. Gesi iliyoko tumboni inatanuka kama theluthi moja, ndio maana tumbo linajaa, na miguu nayo inavimba kwa kusimama muda mrefu, tunapanua mikanda na viatu tunabadilisha. Abiria anapata haya mara mbili kwa mwaka akiwa amekaa. Sisi tunayapata mara kadhaa kila mwezi tukiwa tumesimama, tunasukuma toroli kwenye sakafu ambayo imeinamia nyuma kidogo, maana ndege ikiwa hewani pua yake iko juu.

Juu ya hapo kuna saa. Mwili wa binadamu una saa yake, na kwa watu wengi inazidi saa 24 kidogo, ndio maana kwenda magharibi ambako siku inarefuka ni rahisi kuliko kwenda mashariki ambako siku inakatwa. Kwa makadirio mwili unahitaji kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti. Kwa hiyo ukivuka tofauti ya saa nane unahitaji wiki na siku moja, na wewe kule unakaa siku moja au mbili unarudi, unakaa siku tatu unaondoka upande mwingine. Mwili hauwahi kufika popote.

Basi huyu mtu ndiye anayefungua mlango wa nyumbani asubuhi saa mbili anaburuza begi. Hajalala tangu jana yake. Na nyumbani wamemsubiri siku nne. Mtoto ana daftari la kuonyesha, mume ana mambo ya kuamua, bomba limeharibika, kuna mgonjwa wa kwenda kumwona, na wote wana haki kabisa maana kwao hii ni siku ya kwanza ya mama kuwepo.

Miaka ya mwanzo nilikuwa najikaza. Naingia, navua sare, nashika ufagio. Ikifika jioni nagombana na kila mtu. Nakumbuka siku moja mwanangu, akiwa na miaka mitano, alinimwagia juisi kwenye begi lililokuwa wazi sakafuni na nikampigia kelele mpaka akajificha nyuma ya mlango wa jikoni. Kabini siku hiyo hiyo nilikuwa nimemwagiwa kahawa na abiria nikamwambia hakuna shida kabisa, nikacheka naye. Nilipoketi nikaliwaza hilo nililia. Uvumilivu wangu wote niliutumia angani kwa watu nisiowajua majina.

Hapo ndipo tulipokaa na mume wangu tukakubaliana. Siku ya kurudi haihesabiwi. Naingia, nawakumbatia, naoga, nalala, hakuna mtu anayeniuliza kitu cha kuamua mpaka kesho yake. Mume wangu alipinga mwanzoni, akasema kama ofu ni tatu ukitoa moja tunabaki na mbili. Nikamwambia mbili nilizomo ni bora kuliko tatu nisizomo. Tumeenda hivo mwaka wa tano sasa.

Ulizeni maswali, niko macho.

#2

Dada asante kwa uzi, nimesoma mwanzo mwisho. Ila niseme ukweli wangu, wafanyakazi wa zamu wako wengi, walinzi, manesi, watu wa viwandani, wote wanakesha na hawapelekwi hoteli nzuri. Na nyie kazi yenyewe ni kugawa chakula na vinywaji. Sisemi kwa ubaya, nataka kuelewa ugumu uko wapi.

#3 Mleta uzi

Kaka nashukuru umeuliza kwa heshima. Manesi na walinzi nawavulia kofia, tena historia yetu imeanzia kwa manesi. Mhudumu wa kwanza mwanamke alikuwa Ellen Church, nesi wa Marekani, aliruka Mei 1930 kutoka Oakland kwenda Chicago na shirika la Boeing Air Transport, na wenzake saba walioajiriwa naye nao walikuwa manesi. Walihitajika kwa sababu watu walikuwa wanaogopa ndege na wanaugua njiani. Masharti yake yalikuwa makali, uwe hujaolewa, umri chini ya miaka 25, na kilo zako zipimwe. Hilo la ndoa liliendelea kwenye mashirika mengi ya Marekani mpaka miaka ya 1960, ukiolewa unaachishwa. Yaani kina mama waliotutangulia walificha pete ili wale.

Kuhusu chakula, kaka, chakula ni kazi tunayofanya wakati hakuna tatizo. Sheria za Marekani na Ulaya zinadai mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na hiyo hesabu haikupigwa kwa ajili ya sahani, imepigwa kwa ajili ya kuwatoa watu. Ndege kubwa kabla ya kupewa kibali lazima ithibitike abiria wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, usiku, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Kila mwaka tunarudi darasani, tunazima moto, tunafungua milango, tunapiga kelele zile amri mpaka koo linakauka, ukifeli husafiri.

Na kila ndege ikianza kukimbia kuruka, na ikikaribia kutua, ukituona tumekaa kimya kwenye vile viti vya kukunja tumekalia mikono, kichwani tunapitia: mlango wangu unafunguka vipi, nje kuna moto au maji, nani karibu yangu ana nguvu za kunisaidia, nani ana mtoto, nani hawezi kutembea. Kila safari, mara mbili. Mume wangu ananiambia nazitamka zile amri usingizini.

Januari 2, 2024 pale Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines ilitua ikagongana na ndege ya walinzi wa pwani ikawaka moto. Watano kwenye ile ndege ndogo walifariki, inauma sana. Kwenye ile kubwa walikuwemo watu 379, wakatoka wote. Vipaza sauti vya ndani vilikuwa havifanyi kazi, wahudumu wakatumia megafoni na sauti zao, na milango iliyokuwa na moto nje hawakuifungua. Mimi niliangalia ile video hotelini nikiwa peke yangu, nikasimama, sikuweza kukaa. Zile dakika ndizo zinazofanya nidai usingizi wangu. Mtu aliyekesha siku mbili anaweza kumimina chai. Kuuchungulia mlango akaamua usifunguliwe, hapo anahitaji kichwa kizima.

#4

Mimi pia ni kruu, mwaka wa sita. Dada umenigusa pale kwenye stendibai. Naomba niongeze la mafua, vijana wanaotaka kazi hii walisikie. Nilikuwa na mafua, nikajua nisipokwenda nakosa posho ya safari, nikameza dawa nikaenda. Kupanda juu sikusikia kitu. Wakati wa kushuka sikio la kulia likaanza kuuma kama mtu anaingiza msumari, nikabana pua nikapuliza, haikufunguka, nikakaa kwenye kiti cha kukunja machozi yananitoka mbele ya abiria wa safu ya kwanza. Tulipotua nilikuwa nasikia kama niko ndani ya ndoo. Daktari wa kule alinikataza kuruka, nikabaki hoteli siku tano peke yangu wenzangu wameondoka, nikaja kusikia vizuri baada ya wiki tatu. Posho niliyoikimbilia haikufika hata nusu ya mshahara niliokosa kwa kukaa chini.

#5 Mleta uzi

Pole sana mdogo wangu. Na hilo la kubaki hoteli unaumwa peke yako halisemwi. Kuumwa ugenini, kwenye chumba chenye pazia zimebanwa, hujui hata duka la dawa liko upande gani, ni upweke wa aina yake. Mimi nilipigiwa video kolu nikiwa ugenini mwanangu ana homa kali. Mama mkwe kamshika, naona paji la uso linavyong'aa kwa jasho, nimeweka kidole kwenye kioo cha simu kama vile nitaisikia homa. Safari ya kurudi ilikuwa saa 14 mbele yangu na saa 9 za kuruka. Niliingia kazini nikacheka na watu usiku kucha. Homa ilishuka tukiwa juu ya bahari, niliijua tulipotua simu ikapata mtandao.

#6

Samahani dada, hela vipi? Nasikia mnalipwa kwa saa za kuruka tu?

#7 Mleta uzi

Inategemea shirika mdogo wangu. Kuna ya mshahara wa mwezi pamoja na posho za saa na za kulala nje, na kuna ambayo saa inaanza kuhesabiwa mlango ukifungwa na ndege ikianza kusogea, ikifika na kusimama hesabu inaisha. Maana yake ule muda wa kupakia abiria, wakati wa kubeba mabegi, kugombana na viti, kuwatuliza watoto, na ndege ikichelewa getini saa tatu, unafanya kazi na saa haitembei. Shirika la Delta la Marekani walianza kulipa muda wa kupakia mwaka 2022, kwa nusu ya kiwango. Agosti 2025 wahudumu zaidi ya 10,000 wa Air Canada waligoma, na hoja yao kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya kazi isiyolipwa ndege ikiwa bado ardhini. Nilifuatilia ule mgomo kila saa kama vile ni wa kwangu.

Hata mapumziko yenyewe yamepiganiwa. Marekani mpaka 2022 sheria ilikuwa inaruhusu mhudumu apewe saa 9 za kupumzika kati ya zamu, na zingeweza kushushwa mpaka 8. Toa basi, toa kuoga, toa kula, umelala tano. Sasa ni 10 na hazishushwi. Bunge lao lilishaagiza hivo tangu 2018, imechukua miaka minne kutekelezwa.

#8

Nina miaka 22, nimeitwa usaili wiki ijayo. Mnanitisha jamani. Niende nisiende?

#9 Mleta uzi

Nenda mwanangu. Nenda kabisa. Mimi kesho ukinirudisha nyuma nitaichagua hii kazi tena. Nimeona jua linachomoza mara mbili kwenye safari moja. Nimemshika mkono bibi aliyekuwa anapanda ndege mara ya kwanza maishani anakwenda kumwona mjukuu, aliponishika alinibania mpaka vidole vikafa ganzi na sikuutoa mkono. Kuna wenzangu niliofahamiana nao saa 20 tu nikawasimulia vitu ambavyo dada zangu hawavijui, kwa sababu jikoni kwa ndege usiku wa manane abiria wamelala watu wanaongea ukweli.

Ila uende ukijua haya. Miezi sita ya mwanzo utaumwa umwa, ni kawaida, kunywa maji kabla hujasikia kiu. Ukilala nje siku moja au mbili usihangaike kuzoea saa za kule, baki na saa za kwenu, kula na kulala kwa saa za kwenu kadri unavyoweza. Kahawa acha mapema, saa sita kabla ya kulala. Ukiwa na mafua sema, umesikia ya mwenzetu hapo juu. Pima afya kila mwaka bila kukosa, kazi za usiku zinazovuruga saa ya mwili watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka mwaka 2007 kwenye kundi la mambo ambayo yamkini yanachangia saratani na 2019 wakarudia hivo hivo, na huko juu kuna mionzi ya anga ambayo chini huku haitufikii kwa kiwango kile. Sikwambii uogope, nakwambia ujitunze. Ukipata mimba toa taarifa siku ile ile unayojua.

Na watu wako waambie mapema. Usisubiri mpaka ugombane nao kama mimi.

#10

Mimi ni mume wa mhudumu wa ndege, ndoa mwaka wa tatu. Sijawahi kuandika humu, nasoma tu. Dada, mke wangu amerudi jana asubuhi. Alipoingia nilimpa orodha, nilikuwa nimeiandika kabisa kwenye karatasi, vitu saba, nikaona nimejipanga vizuri. Aliisoma akaniambia sawa, akaanza na cha kwanza. Usiku nikamkuta amelala sakafuni bafuni na mswaki mkononi. Nilidhani amezimia. Nimesoma uzi wako leo kazini, nimeinama mezani. Nataka kuuliza, mtoto mmemwelewesha vipi? Wetu ana miaka minne na mama akilala anagonga mlango tu.

#11 Mleta uzi

Kaka usijilaumu, na yeye alisema "sawa" kwa sababu kazini ndio tunafundishwa kusema sawa. Muulize kesho, usimuulize leo.

Mtoto hatukumwelewesha kwa maneno. Tuna kalenda kwenye friji, rosta ikitoka tunaijaza pamoja. Siku nikiwa sipo anachora ndege. Siku ya kurudi anapaka giza, kalamu nyeusi mraba wote, tulimwambia mama hapo yuko nyumbani lakini kwa mama bado usiku. Siku zinazofuata anachora anachotaka yeye tufanye. Mwanzoni aligonga mlango kama wako. Baadaye akaanza kuwakemea wageni yeye mwenyewe, anawaambia kwa mama bado usiku, mpaka kuwe na mchoro.

Mimi naondoka keshokutwa, narudi Alhamisi. Nimepita hapo jikoni sasa hivi kunywa maji nikaangalia, Alhamisi ameshaipaka nyeusi, na Ijumaa amechora baiskeli mbili.